Ngozi, Chujio au Utando? Uhakiki wa Tafsiri ya Maelezo juu ya Seli za Methanoli

Imetufikia tafsiri ya Kiswahili ya maelezo yahusuyo tando za polima zitumikazo katika seli za umeme zinazolishwa methanoli. Ni kurasa chache zilizopigwa chapa bila jina la mfasiri. Zimekusudiwa walimu wa sayansi wa shule za sekondari pamoja na watumishi wa vituo vilivyo mbali na nyaya za umeme, na mifano yake mingi imechukuliwa Kilosa na Mikumi. Hatuihakiki tafsiri hii kwa kuwa ni mbaya kuliko nyingine. Ukweli ni kwamba ni afadhali kuliko nyingi zipitazo mikononi mwetu. Twaihakiki kwa sababu ndani yake mna neno moja liwezalo kuua mtu, na mengine matatu au manne ambayo, ijapokuwa hayaui, yatampoteza msomaji njia.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe, maana istilahi haipimwi mbali na kazi ya kitu. Seli hii ina pande mbili. Upande mmoja hutiwa methanoli iliyozimuliwa kwa maji, kwa kawaida asilimia 3 hadi 6 hivi. Upande wa pili huingia hewa. Katikati umebanwa utando mwembamba wa plastiki ya namna ya pekee. Methanoli ikutanapo na kichocheo cha platini na rutheni, kila molekuli yake, ikishirikiana na molekuli moja ya maji, hutoa protoni 6 na elektroni 6, na kaboni dioksidi hutoka kama hewa chafu. Protoni hupenya utandoni. Elektroni hukataliwa kupita hapo, kwa hiyo hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na mzunguko huo ndio umeme tuutumiao. Huko upande wa hewa zote mbili hukutana na oksijeni, yakawa maji. Kwa hesabu za kemia seli moja ingetoa volti 1.21, kwa vitendo mara nyingi hutoa kati ya 0.3 na 0.5 inapofanya kazi, ndiyo maana seli nyingi hupangwa pamoja.

Fikra yenyewe si changa. William Grove alionyesha betri yake ya gesi mwaka 1839, na seli zenye utando wa plastiki zilisafiri angani katika chombo cha Gemini 5 mwaka 1965. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Walther Grot wa kampuni ya DuPont alibuni plastiki iitwayo Nafion, ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha kupimia nyingine zote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa California waliitumia katika seli zinazolishwa methanoli moja kwa moja, na hapo ndipo taabu ilipoonekana. Nafion hupitisha protoni kwa msaada wa maji iliyoyanywa. Nayo methanoli, kwa kuwa hufanana mno na maji, hujichanganya humo na kupita pamoja nayo. Hasara huwa mbili: fueli hupotea bure, na volti ya upande wa hewa hushuka. Basi wataalamu wakaanza kuingiza ndani ya polima chembe za silika, za fosfeti ya zirkoni, za zeolaiti, au za udongo wa namna ya mfinyanzi uitwao montmorilonaiti, ili njia ya methanoli iwe ndefu na yenye kona nyingi. Chembe zikizidi, protoni nazo huzuiwa. Kutafuta kiasi kifaacho ndiko kazi yote ya fani hii, na ndiko kunakoelezwa katika kurasa tunazozihakiki.

Mfasiri amechagua mifano yake vizuri. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu wa Kilosa waliachwa bila makazi na reli ya kati ikakatika. Mfasiri amefikiria redio ya kijiji kilichotengwa na maji kama yale, inayopata umeme kutoka chupa ya fueli badala ya jenereta yenye kelele. Vilevile amefikiria kituo cha askari wa wanyamapori ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Ni mifano ya kufikirika, lakini msomaji huiona kwa macho. Hata leo, treni ya umeme ikiwa inapita Kilosa tangu 2024, nguzo za umeme haziingii kila bonde.

Lakini hebu tutazame methanoli anaiitaje. Katika ukurasa wa kwanza anaandika “methanoli”, vizuri kabisa. Kuanzia ukurasa wa pili anaona neno hilo ni geni mno, naye, akifuata jina la zamani la Kiingereza, analibadili kuwa “kileo cha mti”. Jina hilo la Kiingereza lina sababu yake: zamani methanoli ilipatikana kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa na kuukeneka mvuke wake. Wachoma mkaa wa Kilosa huiachia methanoli hiyo kila siku pamoja na moshi wa matanuri yao. Kwa hiyo kihistoria mfasiri hakusema uongo. Kosa lake ni kufikiri kwamba asili ya kitu ndiyo humfikia msomaji kwanza, ilhali kinachomfikia kwanza ni matumizi.

Tuliwasomea wakazi kadhaa wa Mikumi aya yenye neno hilo, kisha tukawauliza kinachozungumzwa ni nini. Mzee mmoja alijibu bila kusita: “Hiyo ni ulanzi, au tembo.” Naye alikuwa na haki yake yote. Ulanzi hugemwa kwenye mianzi ya nyanda za juu za Iringa, na barabara ya kwenda huko hupita mlangoni pake. Tembo hugemwa kwenye minazi na mivumo, na Mikumi yenyewe imepata jina kutokana na miti ya jamii hiyo ya mivumo. Kwa msomaji wa huko “kileo cha mti” si istilahi ya kemia hata kidogo. Ni kinywaji anachokijua tangu utotoni, na ambacho hakikumwua babu yake.

Sasa tukumbuke methanoli humfanya nini mwanadamu. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomi, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya fahamu ya macho. Kiasi cha mililita 10 kimewahi kutosha kupofusha, na mililita 30 huweza kuua. Dalili huchelewa saa nyingi, hata mnywaji akadhani amesalimika. Haya si mambo ya mbali. Mwezi wa Aprili 2010 huko Kabale, Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa sababu hiyohiyo, na wengine wakapoteza macho. Mahali ambapo gongo hupikwa na kunywewa kwa siri, chupa ya fueli yenye maandishi “kileo cha mti” ni mtego, nao aliyeutega ni mfasiri.

Wengine watasema: basi tuandike “spiriti”. Hatukubali. Spiriti ya hospitali na ya kuwashia majiko ni jina la vitu vingi, na baadhi yake tayari vina methanoli ndani. Jina linalofunika sumu na kisicho sumu kwa blanketi moja halifai kuwekwa kwenye chupa. Tena kusini mwa Mikumi, katika bonde la miwa la Kilombero, tangu 2013 kuna kiwanda kinachokeneka spiriti kutokana na molasesi za sukari. Hiyo ni ethanoli. Watu wa huko wanapotamka “spiriti” husema habari ya bidhaa ya jirani yao, wala hawana sababu ya kuiogopa kama inavyostahili kuogopwa methanoli.

Kwa njia ya mchepuko kidogo: waandishi wa sheria zetu walikwisha pita njia hii. Sheria Na. 62 ya 1966 iliita gongo kwa jina la “moshi”, na kwa miaka mingi washtakiwa wamesomewa mahakamani hati za kupatikana na moshi. Mgeni aliyeingia mahakamani siku hiyo angedhani mtu ameshtakiwa kwa kuwasha moto, au kwa kuubeba mji wa Kilimanjaro mfukoni. Hata hivyo neno lile lilikuwa na udhuru: lilikwishatumika mitaani. “Kileo cha mti” halina hata udhuru huo.

Ushauri wetu ni kwamba pabaki “methanoli” kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Walakini neno hili nalo lina mtego wake, ambao hatujauona ukitajwa. Kwa sikio la Mswahili, tofauti ya “methanoli” na “ethanoli” ni herufi moja tu, na herufi hiyo ni m, ambayo kwetu ni kiambishi. Mwanafunzi aliyezoea mtoto na watoto, mti na miti, haoni ajabu kudhani kwamba methanoli ni ethanoli iliyovaa kiambishi. Mwalimu mmoja wa Kilosa alituambia kuwa katika daftari za wanafunzi wake majina haya mawili hubadilishana nafasi kila mara. Kwa sababu hiyo hatutosheki na jina peke yake. Kila mahali methanoli itajwapo kama kitu cha kushikwa kwa mikono, mfasiri aliandame neno hilo na “sumu”: methanoli, fueli ya sumu. Istilahi inaruhusiwa kurefuka pale ambapo ufupi unahatarisha uhai.

Tuje kwenye “seli ya mafuta”. Hapa mfasiri hakubuni. Amefuata desturi ya wengi, na ndiyo maana tunataka desturi yenyewe iangaliwe upya. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alipoliona neno hili alilieleza bila wasiwasi: ni seli za mwili zinazohifadhi mafuta chini ya ngozi. Alijibu alivyofundishwa katika biolojia. Dereva wa lori aliyepumzika Mikumi alidhani ni kimoja cha vyumba vya tenki la kubebea petroli. Wala hawezi kulaumiwa, kwa kuwa katika mkoa wa Morogoro hupita bomba lililoanza kazi mwaka 1968, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na kampuni yake, TAZAMA, imelibeba neno hili katika jina lake kamili: Tanzania Zambia Mafuta. Kwa Kiswahili cha barabarani mafuta ni petroli na dizeli. Kwa Kiswahili cha jikoni ni ya kukaangia. Kwa Kiswahili cha daktari ni unene. Methanoli si lolote kati ya haya. Huchanganyika na maji kabisa, jambo ambalo mafuta hayafanyi kamwe, na kama tulivyoona, ndilo chanzo cha taabu yote ya seli hii. Msomaji akishaambiwa kwamba ni mafuta, atashindwa kuelewa kwa nini yanapita utandoni pamoja na maji.

Neno “fueli” tunalo, nalo hufunika hidrojeni, methanoli na petroli bila kuegemea upande. Tuseme “seli ya fueli”. Ama “seli” yenyewe, hatuoni haja ya kuifukuza kwa sababu tu wanabiolojia wanayo. Muktadha utatenganisha, na polisi wana selo yao. Wazee wetu waliita seli kavu “jiwe la redio” na “jiwe la tochi”, jina zuri lenye kuonyesha uzito na ubaridi wa kitu mkononi, ila jiwe huisha na kutupwa, wakati seli ya fueli haiishi maadamu inalishwa. Katika jambo hili mfasiri wetu anastahili sifa. Mahali ambapo wengine wangeandika kwamba seli “hutolewa usambazaji wa fueli”, yeye ameandika kwamba seli “hulishwa”. Kitenzi kimoja hicho kimeeleza tofauti ya seli hii na betri kuliko aya nzima.

Kuhusu kile kitu cha katikati, mfasiri anayumba. Mara ni “ngozi laini”, mara “chujio”, mara moja tu “utando”. Tungependa asimame mahali pamoja, nasi tutaeleza kwa nini pawe pa tatu. Ngozi ni ya mnyama au ya mtu; ukisema ngozi ya plastiki unampeleka msomaji kwenye viatu na mikoba. Chujio lina mvuto zaidi, kwani kazi ya kitu hiki ni kupitisha kimoja na kuzuia kingine. Lakini kila aliyekamua tui kwa kifumbu anajua kwamba chujio huzuia kilicho kikubwa na kupitisha kilicho kidogo, kwa matundu yanayoonekana. Utando wa seli haufanyi hivyo. Elektroni ni ndogo kuliko kila kitu kinachotajwa katika kurasa hizi, nayo ndiyo inayozuiwa. Methanoli ni kubwa kuliko protoni mara nyingi, nayo hupita japo haitakiwi. Protoni hupokewa na kukabidhiwa ndani ya maji, kama ndoo za maji zinavyopita mikononi mwa watu wakati wa kuzima moto. Mwenye kufikiria chujio atauliza kwa nini tusipunguze tu ukubwa wa matundu, na swali hilo litamkwamisha hapohapo.

Wapo wenzetu wapendao “kiwambo”, kutokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo kwenye ngoma au kiwambo cha sikio. Hoja yao ina nguvu pale ambapo kitu kimevutwa kikakaza. Utando wa Nafion, kinyume chake, hunywa maji ukafura, na kazi yake huitenda ukiwa umefura. Kitu cha kufura hakiwambwi. Neno utando, ambalo kila mtu analiona juu ya maziwa yaliyopoa na katika kona ya nyumba yenye buibui, ni jepesi, lina wingi wake halali (tando), na tayari limezoeleka katika biolojia kwa kitu chenye tabia ileile ya kuchagua kipitacho.

Tumefika kwenye neno ambalo kwetu ndilo lenye utamu zaidi. Utando uliotiwa chembe ndani yake mfasiri anauita “utando wa mchanganyiko”. Katika kemia ya shuleni mchanganyiko ni neno lililokwisha pewa kazi: chumvi na mchanga ni mchanganyiko. Halisemi lolote juu ya kushirikiana. Tunapendekeza “utando mseto”. Mseto wa mchele na choroko hupikwa chungu kimoja, ukaliwa kama chakula kimoja, lakini choroko hubaki choroko na mchele mchele. Serikali ya mseto inaeleweka na kila msikiliza redio, na kilimo mseto, yaani miti na mazao katika shamba moja, kinafahamika kwa wakulima wa Kilosa bila mkalimani.

Pingamizi moja ni la haki: katika mseto wa chakula hakuna anayemshika mwenziwe, hali katika utando polima ndiyo inayoshika na chembe ndizo zinazoshikwa. Hapo mfano wa nyumba hufaa kuliko wa chungu. Nyumba ya miti na udongo, kama zilivyo nyingi vijijini Kilosa, ni mseto hasa: udongo hushika, fito huzuia udongo usimomonyoke, na hakuna kimoja kiwezacho kusimama ukuta peke yake. Mfasiri, alipofika kwenye kile kishikacho, aliandika “mama wa utando”, akiwa bila shaka amechungulia asili ya neno la Kilatini. Msomaji atatafuta watoto. Sisi tungesema “kishikizi” kwa polima na “kijazo” kwa chembe, na mwalimu aonyeshe ukuta wa nyumba iliyo karibu.

Neno la mwisho la kulalamikia ni “uhamiaji wa methanoli”. Tulicheka, kisha tukasikitika. Uhamiaji ni idara, ina sare na pasi za kusafiria. Wenye kusema “mvujo” nao wamekaribia tu, maana kinachovuja kina ufa, na utando huu hauna ufa wowote. Kiswahili kinatupa kupenya na kupenyeza, na tofauti ya viambishi hivi yatosha kwa fani nzima: methanoli hupenya, hivyo tuna upenyaji wa methanoli, utando hupenyeza protoni, hivyo tuna upenyezaji wa protoni. Utando mzuri ni ule wenye upenyezaji mkubwa na upenyaji mdogo. Sentensi hiyo tumejaribu kuiandika kwa lugha nyingine tunazozijua, ikatoka ndefu maradufu.

Ili ushauri wetu usibaki hewani, tumeiandika upya aya iliyotusumbua zaidi, ile ya redio ya kijiji:

“Redio hii hupata umeme kutoka seli ya fueli. Seli hulishwa methanoli, fueli ya sumu, iliyozimuliwa kwa maji. Utando uliomo ni utando mseto: kishikizi chake ni polima, na kijazo chake ni silika. Kijazo hupunguza upenyaji wa methanoli, ili fueli isipotee na volti isishuke. Chupa ya fueli ifungwe kabatini kwa kufuli. Methanoli hainywewi, haionjwi, wala haichanganywi na kinywaji chochote. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja hata kama anajiona mzima.”

Sentensi ya mwisho haimo katika maelezo ya asili, nasi twajua wako wafasiri watakaosema kwamba tumevuka mpaka wa kazi yetu. Maelezo ya asili yaliandikwa kwa watu wa maabara, ambao chupa zao zimepangwa katika kabati zenye alama ya fuvu. Msomaji wa tafsiri hana kabati hilo. Alicho nacho ni maneno yetu tu.

Limebaki suala la kufura kwa utando, ambako mfasiri ameandika “kuvimba”. Kuvimba ni kwa jeraha na kwa hasira. Kuumuka ni kwa unga wenye hamira. Tumetumia “kufura” katika uhakiki huu, lakini wapo wasomaji wa bara ambao kwao mtu aliyefura ni mtu aliyekasirika tu. Walimu wa fizikia na kemia walio darasani ndio wenye nafasi ya kutuambia wanafunzi wao husema nini wanapoona maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na tutayapokea majibu yao.